Mbegu ya Dawa

Kamati ya kampeni ya dawa ilipomteua Romana Lyamba kwenda kukipima kijiji cha Kakese, ilitaja sababu mbili. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, anayejua kuuliza swali bila kumwonyesha mtu jibu. Tena alikuwa mtoto wa Kakese. Sababu ya kwanza haikumsaidia sana. Ya pili ndiyo iliyomponza.

Ilikuwa mwaka 1976, kiangazi kikielekea ukingoni. Mkoa wa Rukwa ulikuwa bado mpya na Mpanda ilikuwa pembe yake ya mbali, mahali ambapo gazeti lilishuka kwenye treni likiwa limeshazeeka. Romana alikuwa amepita miaka thelathini, mrefu, si msemaji. Alikuwa na tabia ya kumsubiri mtu amalize kusema, kisha kusubiri tena kidogo. Alipanga chumba Shanwe na kufundisha watu kusoma na kuandika katika jengo lililokuwa la ushirika. Wanafunzi wake, wakiwemo waliolingana na bibi yake, walimwita Mwalimu.

Mama yake mzazi hakumkumbuka. Alifariki Mpimbwe, Romana akiwa hajaanza kutembea, na mdogo wa marehemu, Katarina, akamchukua mtoto. Katarina alipoolewa Kakese alifika kwa mumewe na mtoto mgongoni, jambo ambalo wakwe hawakulipenda, naye hakuwaomba walipende. Hakujaliwa kuzaa. Mumewe alikufa mapema. Yaliyobaki maishani mwake yalikuwa Romana na mpunga.

Mpunga wa Katarina ulijulikana. Ulichipua kwa pamoja, haukuacha mapengo kitaluni, na wanawake wa vitongoji vya mbali walimjia kumwomba mbegu. Siri yake haikuwa siri. Alifanya walivyofanya wenzake wote wa upande ule wa Kakese, ila alifanya kwa ukali zaidi. Mavuno yakishapurwa, kabla ya mtu yeyote nyumbani kula punje moja, mbegu hutengwa. Hutiwa kwenye kibuyu, kibuyu huzibwa kwa gunzi la mahindi na kutundikwa juu ya jiko, moshi uzuie wadudu. Tangu siku hiyo kile si chakula tena. Nyumba inaweza kulala njaa na kibuyu kinaning'inia pale pale, na mwenye nyumba akiulizwa atajibu bila kusita kwamba mpunga umekwisha. Hadanganyi. Mpunga wa kula umekwisha.

Na mkono ulioweka mbegu ndio unaotoa. Mkono mwingine ukiingia humo na mbegu ikakataa kuota, lawama ni ya mkono huo, na lawama ya namna hiyo huweza kuandama ukoo mzima. Romana alikua chini ya kibuyu cha Katarina. Alisoma kwa mwanga wa jiko lililokuwa chini yake, akashinda mtihani, akapelekwa shule ya misheni kwa mpunga uliotoka humo. Hakuwahi kukigusa.

Kampeni yenyewe ilianzia kwenye malalamiko ya Enoka, tabibu wa zahanati ya Kakese, ambaye watu walimwita daktari naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Enoka alikuwa akigawa vidonge vya rangi mbili, vile ambavyo nusu moja ni nyekundu na nyingine njano, akivifunga katika kipande cha gazeti kuukuu. Mgonjwa wa kifua alivimeza, siku ya pili akasikia nafuu, akaacha. Vilivyobaki vilikwenda kwa shemeji mwenye tumbo, kwa jirani mwenye jino, au vilipasuliwa na unga wake kunyunyizwa kwenye kidonda. Baadaye yule wa kifua alirudi akiwa na hali mbaya kuliko mwanzo, na dawa ile ile haikumsaidia tena. Enoka aliieleza kamati kwamba vijidudu visivyouawa vyote hubaki vimejifunza. Maneno hayo yaliwaingia wajumbe. Kampeni ikapewa jina la Meza Umalize.

Ilidumu kiangazi kizima. Watu walikusanywa kuzunguka redio, mabalozi wa nyumba kumi walipita nyumba kwa nyumba, na watoto wa shule walitungiwa wimbo: daktari kanipa, mimi nameza, leo na kesho mpaka namaliza. Ulikuwa wimbo mzuri. Wanawake waliuimba wakitwanga, walevi waliuimba wakirudi kilabuni, na kwa walevi dawa ilikuwa imebadilika jina.

Sasa kamati ilitaka kujua kama wimbo umefanya kazi. Si kwa udadisi tu. Kulikuwa na gari moja na mafuta ya gari hilo moja kwa msimu mwingine. Ikiwa Kakese imebadilika, gari litapanda milima ya Mwese, ambako watu hawajasikia lolote. Ikiwa haijabadilika, litarudi Kakese na Mwese itasubiri. Kila kitu kilitegemea atakachosema mpimaji.

Katibu wa kamati, Nathanael, mtu mwangalifu aliyekuwa na mazoea ya kurudia kila jambo alilokubali, alipendekeza watu waulizwe mikutanoni. Romana alipinga. Alisema mtu aliyeshika wimbo ameshika wimbo, hatujui bado kama ameshika dawa. Akataka kuingia majumbani na kuona kwa macho kama kuna vidonge vilivyobakizwa. Wajumbe wawili walisema hiyo ni kazi ya polisi. Nathanael alifikiri, kisha akakubali, akarudia kwamba amekubali.

"Wewe ni wa kule," alimwambia. "Wewe watakufungulia."

Romana alianza na mikutano hata hivyo, kwa kuwa kamati iliitaka. Wakakaa wanaume upande huu na wanawake upande ule, balozi mbele yao. Aliuliza ni nani aliyepewa rangi mbili mwaka ule, na kama alizimaliza. Mikono ilipanda kwa pamoja kama ya watoto darasani. Mwanamke mmoja wa Kisukuma, Nyanzala, ambaye mumewe alihamia pale na ng'ombe, alisimama bila kuitwa.

"Sisi tunamaliza mpaka ya ng'ombe," alisema. "Hawa wala wali ndio wakaguliwe. Hawa hata kicheko wanabakiza cha kesho."

Watu walicheka, walio wala wali wakicheka zaidi, na mzee mmoja akamjibu kwamba Msukuma hawezi kubakiza dawa kwa sababu hana nyumba, ana zizi. Nyanzala alikaa akiwa ameridhika. Romana naye alicheka. Baadaye sana ndipo alipofikiri kwamba katika mkutano ule wote, utani wa Nyanzala ndio peke yake uliosema jambo.

Siku zilizofuata alipita majumbani. Kila mahali alipewa kigoda na karanga. Aliuliza, wakamjibu kwamba walimaliza. Aliomba kuonyeshwa mahali wanapoweka vitu vya thamani, nao walimwonyesha bila kinyongo: sanduku la chuma, kapu la nguo, chini ya godoro, ufa wa ukutani unamofichwa pesa. Mama mmoja alimfungulia hadi mfuko wenye kitovu cha mwanawe. Hakuona kidonge popote. Na katika kila nyumba, juu ya jiko, kibuyu kilining'inia cheusi kwa masizi, na hakuna aliyekitaja.

Romana hakuwa mjinga wa jambo hilo. Alikwishaanza kushuku tangu nyumba ya kwanza. Alikumbuka kwamba alipokuwa mdogo na ameugua surua, Katarina alileta dawa kutoka misheni, na kabla ya kumpa hata kidonge kimoja alitenga vichache pembeni. Dawa ilikuwa kitu cha nadra kama mvua ya kwanza. Mtu mwenye akili hamezi yote, hutenga mbegu ya ugonjwa ujao, ndipo kinachobaki kinakuwa cha kumeza. Kinachobaki ndicho kinachomalizwa.

Aliamua kwamba swali la kibuyu ataliuliza kwanza nyumbani kwao. Akiweza pale, ataweza kwingine.

Alimkuta Katarina anapepeta mchele uani, mgongo umenyooka, ungo unapanda na kushuka bila haraka.

"Umekuja kunikagua, Mwalimu?"

"Nimekuja kukusalimia, mama mdogo. Na kukuuliza."

"Basi salimia kwanza."

Walisalimiana kirefu. Kisha wakaingia jikoni, Katarina akachochea moto, na Romana akaketi mahali alipokuwa akiketi alipokuwa anasoma. Aliuliza habari ya kile kifua kilichomsumbua Katarina mwezi wa sita. Katarina alisema kilipona. Enoka alimpa rangi mbili, na kwa kweli zilikuwa kali, zilimfanya aharishe.

"Ulizimaliza?"

"Nilizimaliza, mwanangu. Si mmeimba?"

Romana aliinua macho juu ya jiko. Katarina aliyafuata macho yake, akayaona yalipotua.

"Unaangalia nini?"

"Moshi."

"Moshi wetu haujabadilika," Katarina alisema, akageukia chungu.

Hapo ndipo kazi nzima ilipoamuliwa, ingawa hakuna aliyeonekana akiamua. Romana anasema kwamba sentensi ilikuwa tayari mdomoni mwake. Aliogopa mambo mawili, na hakujua lipi lilikuwa kubwa. Aliogopa kuonekana msomi aliyerudi kutia mkono kwenye mbegu ya mama yake. Na aliogopa mwaka mbaya: mvua ikigoma, mpunga wa Katarina ukikataa, wanawake wote waliopewa mbegu watasema ni kwa sababu ya swali lile. Alikula, akashukuru, akaaga. Na kwa kuwa hakuuliza nyumbani kwao, aliona si haki kwenda kuwauliza wengine.

Taarifa aliyoipeleka kwa kamati ilisema wananchi wa Kakese wameelewa ujumbe na wanautekeleza. Hakubuni kitu. Kila alichoandika kilikuwa kimesemwa na mtu.

Kamati ilifurahi. Kakese ilitajwa kwenye semina mkoani kuwa mfano. Gari lilipanda Mwese. Enoka, ambaye alikuwa na desturi ya kuwaeleza wagonjwa kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la dawa, na kuwauliza walichobakiza mara ya mwisho, aliarifiwa kwamba eneo lake limekwisha fuzu. Alipunguza maelezo. Foleni ilikuwa ndefu na msimu wa homa ulikuwa unaingia. Mtu haendelei kufundisha darasa lililoambiwa limefaulu.

Mvua zilianza vizuri mwaka ule. Katarina alimwaga mbegu kitaluni, kibuyu kikabaki tupu kwa upande wa mpunga, na baada ya mwaka mpya akaanza kupandikiza. Alikuwa anachimbua tuta la jaruba lake pale jembe lilipoteleza na kumkata juu ya kifundo cha mguu. Halikuwa jeraha la kutisha. Aliliosha, akaenda nyumbani, akakishusha kibuyu.

Alifanya kila kitu kwa uangalifu. Alipasua vidonge viwili, akanyunyiza unga wake kwenye jeraha na kulifunga kwa kitambaa safi. Vingine alivimeza asubuhi na jioni kama Enoka alivyomfundisha. Wala hakubakiza, kwa sababu mbegu ikishatoka kibuyuni kazi yake ni kutumika yote. Kisha akarudi shambani, kwa sababu miche haingoji, akasimama kwenye maji ya tope siku baada ya siku. Mguu ulipoanza kuvimba alisema dawa inafanya kazi. Ulipotoa harufu alisema uchafu unatoka. Jirani mmoja alimshauri aende zahanati. Alijibu kwamba angeenda kama asingekuwa na dawa.

Nyanzala ndiye aliyemwona ameketi juu ya tuta katikati ya mchana, jembe pembeni, akitetemeka juani. Hakumshauri. Alimwita mumewe, wakafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakampakia. Njia ilikuwa imejaa maji, magurudumu yakazama mara nyingi. Walipofika hospitali mjini Mpanda, daktari alitazama mguu, akauliza ni lini, akaacha kuuliza. Aliukata chini ya goti.

Romana alipata habari darasani. Alifika wodini na chaki mikononi. Katarina alikuwa bado amelala kwa dawa ya usingizi, na Nyanzala alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, tope limekauka kwenye khanga yake. Juu ya kikabati alikuwa ameweka kile alichokikuta jikoni kwa Katarina walipopita kuchukua nguo: vidonge viwili vilivyoganda ndani ya kibuyu visitoke. Havikuwa na rangi mbili tena. Vilikuwa na rangi moja, ya moshi.

Daktari, kijana mpole, alivigeuza kiganjani. Alieleza kwamba dawa ya namna ile ikikaa kwenye joto hufa, na ikishakufa inaweza hata kudhuru figo. Lakini akaongeza kwamba si dawa iliyomfikisha pale. Kidonda kile kingepona zahanati kama angefika mapema. Hakufika kwa sababu aliamini ameshatibiwa.

Siku chache baadaye Katarina aliweza kuketi. Wodi ilikuwa imejaa, mama mmoja alikuwa akibembeleza mtoto kitanda cha pili. Romana alikuwa amekuja na uji.

"Mama mdogo, nilikuuliza kama ulizimaliza."

"Nikakujibu. Za kumeza nilizimaliza."

"Na za mbegu?"

"Za mbegu hukuuliza."

Romana aliweka bakuli chini. Alimwambia kwamba alitaka kuuliza. Alimwambia alishindwa, kwa sababu hakuthubutu kukifungua kibuyu chake.

Katarina alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa na hasira, na Romana anasema afadhali angekuwa nayo.

"Nani alikuambia ufungue? Ungesema, mama mdogo, nitolee nione. Ningekutolea. Mkono si wangu?"

Kisha aliuliza nani anapandikiza miche yake iliyobaki.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwiko alioubeba Romana tangu utotoni ulikuwa na mlango, na mlango haukuwa umefungwa. Ulihitaji mtu agonge. Alikuwa ameuheshimu mwiko kuliko wenyewe walivyouheshimu, kwa namna ya mtu aliyeondoka kijijini na kubaki na kumbukumbu zake zikiwa ngumu kama mawe, ilhali waliobaki wanaishi nazo kila siku na wanajua zinapopindika.

Alikwenda kwa Nathanael kuomba taarifa ifutwe. Katibu alimsikiliza mpaka mwisho. Alimpa pole, akarudia pole, na ilitoka moyoni. Kisha akasema kwamba mtu mmoja ameumia, na hilo linasikitisha, lakini kijiji kizima kilijibu vizuri.

"Kijiji kizima kina vibuyu," Romana alisema.

"Uliona ndani ya vingapi?"

"Hata kimoja."

"Kwa hiyo hujui kama wamebakiza."

"Sijui."

"Na ulipoandika kwamba hawajabakiza, hukujua pia."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anafikiri kwa sauti, kama anavyofanya mpaka leo. Alieleza kwamba hawezi kuiambia kamati taarifa ni ya uongo kwa ushahidi ule ule uliokosekana ilipoitwa ya kweli. Gari lilikuwa Mwese, mvua zilikuwa zinaharibu barabara, na kulirudisha kulihitaji sababu yenye uzito kuliko mguu mmoja. Romana angeweza kurudi Kakese mwenyewe, kwa muda wake. Akipata jambo, kamati italisikiliza.

Alirudi. Alitembea kwa miguu kutoka Shanwe kila alipokuwa hana darasa, na safari hii aliuliza lile swali. Alisimama mlangoni, akasema: dada, shangazi, bibi, nitolee ulichotenga, nione tu. Halikumletea lawama mahali popote. Wanawake waliingia jikoni wenyewe, wakashusha vibuyu wenyewe, wakavigeuza juu ya ungo mbele yake.

Vilikuwa vitupu.

Habari ya mguu wa Katarina ilikuwa imetangulia. Ilikuwa imezunguka Kakese yote kwamba dawa ya kibuyuni imemla mguu mwanamke mwenye mkono mzuri kuliko wote. Wengine walikuwa wamezitupa zao chooni, wengine mtoni. Wengine, bila shaka, walikuwa wamezihamisha tu mahali ambapo mtoto wa Kakese hapajui. Wote walimwambia kwa adabu ile ile kwamba hakuna kitu, Mwalimu, tulishamaliza. Alipouliza kama zamani kilikuwepo, walitabasamu.

"Umechelewa kuja," Nyanzala alimwambia walipokutana kisimani. "Ungekuja wakati tunabakiza."

"Na nyie mlikuwa mnabakiza?"

"Mimi Msukuma, sina kibuyu." Alijitwika ndoo. "Nilikuwa naweka kwa Katarina."

Romana alipeleka alichokipata. Kilikuwa hakitoshi, naye alijua kabla hajakaa. Hakuna ajuaye hata leo Kakese ilikuwaje siku alipoipima. Labda nusu ya nyumba zilibakiza, labda zote, labda chache tu na Katarina akawa mmoja wao kwa bahati mbaya. Wakati wa kujua ulikuwa ule wa karanga na vigoda, vibuyu vikiwa juu ya jiko na watu wakiwa hawajaogopa. Ulipita. Na watu walibadilika, hilo ni kweli. Waliobadilishwa na wimbo na waliobadilishwa na mguu hawawezi tena kutenganishwa, na semina iliyofuata iliwahesabu wote kuwa wa wimbo.

Katarina hakurudi Kakese. Serikali ya kijiji ilisubiri msimu mmoja, kisha ikampa mtu mwingine majaruba yake. Romana anasema ilifanya haki, shamba la mpunga haliwezi kumsubiri mtu. Wanaishi wote wawili Shanwe sasa, katika vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji, ambayo Katarina anaisifu kwa sababu magongo hayazami. Watu wa Kakese wakija sokoni hupita kumsalimia. Huwauliza juu ya maji, yamefika jaruba lipi, na kama miche imechipua kwa pamoja. Humjibu kwamba mwaka huu ina mapengo. Hajui kama wanasema kweli au wanamtunzia heshima.

Mwaka uliopita kamati ilimtuma Romana kuipima Mwese. Alijaribu kukataa. Nathanael alisema hana mwingine anayejua namna ya kukosea kazi ile, na akairudia kauli hiyo, na Romana aliona hakukusudia kumuumiza. Alikaa milimani muda mrefu kuliko alioruhusiwa. Wakazi wengi wa kule ni wakimbizi na wageni wa asili mbalimbali. Hawatundiki mbegu juu ya jiko, na wana desturi zao ambazo yeye hazijui hata kidogo. Aliuliza sana. Aliuliza hata yaliyowachosha watu, mpaka mzee mmoja aitwaye Libérat akamuuliza kama yeye ni mgonjwa.

Alirudi Shanwe jioni, viatu vimejaa vumbi jekundu. Katarina alikuwa barazani anachambua maharage.

"Wamemaliza?" aliuliza.

"Wanasema wamemaliza."

"Umeona?"

"Nimeona walichonionyesha, mama mdogo."

Katarina alitupa haragwe bovu uani, kuku wakalikimbilia. Alisogeza magongo ukutani ili Romana apate mahali pa kukaa.